Sahihi ya mchoraji kwenye katalogi: mali kwa mwenye subira, hasara kwa mwenye pupa

WAKATI wafanyabiashara wa Irente na Lushoto wanafahamika zaidi kwa mboga na matunda yanayoshushwa Mombo na hatimaye Dar es Salaam, ipo bidhaa nyingine ambayo haiozi kwa siku tatu, haipimwi kwa lumbesa, na ambayo bei yake huweza kupanda pale aliyeitengeneza anapofariki dunia. Bidhaa hiyo ni katalogi za maonyesho ya wachoraji, hasa wale wanaochora watu na maumbo yanayotambulika, zikiwa zimetiwa sahihi kwa mkono wa mchoraji mwenyewe.

Katalogi ya maonyesho ni kijitabu kinachochapishwa pale mchoraji anapoonyesha kazi zake kwenye makumbusho, nyumba ya sanaa au kituo cha utamaduni. Ndani yake huwamo orodha ya picha, vipimo vyake, mwaka zilipochorwa na maelezo mafupi ya maisha ya mchoraji. Siku ya ufunguzi kijitabu hicho huuzwa kwa bei ndogo, na hapa kwetu mara nyingi hugawiwa bure. Wageni wengi hukiacha kwenye kiti au hukitumia kama upepeo kisha kikaishia kufungia maandazi. Miaka ishirini baadaye anayekitafuta hakipati.

Swali la mwekezaji mdogo ni moja tu: je, hapo kuna pesa? Pesa ipo, lakini haiji haraka na haiji kwa kila kijitabu. Aliyezoea kupakia viazi Jumatatu na kuhesabu faida Jumatano anapaswa kujua hilo kabla hajatoa shilingi yake ya kwanza.

Picha zenyewe zimekwenda mbali

Sababu kubwa ya kuzungumzia katalogi ni kwamba picha zenyewe zimeanza kumtoka mtu wa kipato cha kawaida. Mfano ulio wazi ni Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, ambaye huchora watu na matukio ya Afrika Mashariki juu ya lubugo, yaani kitambaa cha magome ya mti kinachotengenezwa Uganda. Novemba 2019 picha yake ya mwaka 2015 iitwayo The Conservationists ilipigwa mnada Sotheby's mjini New York. Madalali walikuwa wamekadiria kati ya dola 50,000 na 70,000. Nyundo ilipotulia, na gharama za mnada kujumlishwa, bei ilikuwa zaidi ya dola milioni 1.5 za Marekani.

Hakuna muuza karoti wa Irente atakayeingia kwenye mnada wa namna hiyo. Lakini mchoraji huyo huyo alifanya maonyesho makubwa Haus der Kunst mjini Munich mwaka 2020, yakahamia Royal Academy mjini London mwaka 2021 kwa jina la Paradise Edict, na katalogi yake ikauzwa kama kitabu chochote kingine. Mwenye nakala yenye sahihi ana kitu kilichopita mikononi mwa mchoraji, kwa bei ambayo haifiki hata chembe ya bei ya picha. Hiyo ndiyo hesabu inayowavuta wakusanyaji wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, nayo sasa inaanza kuwa na maana huku kwetu.

Katika maonyesho hayo ya London Armitage hakuonyesha kazi zake peke yake. Alitenga nafasi kwa wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia, wakiwamo Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Elimo Njau na Sane Wadu. Tendo hilo lilikuwa na matokeo ya kibiashara. Majina ambayo kwa miaka mingi yalijulikana Nairobi, Kampala na Dar es Salaam pekee yaliwekwa mbele ya macho ya wanunuzi wa London. Na mnunuzi akishalijua jina, kinachofuata ni kutafuta karatasi zinazolihusu.

Jambo kama hilo limewahi kutokea kwingine. Mwaka 1976, wakati uchoraji wa maumbo yasiyotambulika ndio uliokuwa na soko, mchoraji R. B. Kitaj alikusanya michoro ya watu na kuionyesha Hayward Gallery mjini London kwa jina la The Human Clay. Wachoraji kama Lucian Freud, Francis Bacon, Frank Auerbach na Leon Kossoff waliokuwamo walikuja kuwa majina makubwa ya soko la dunia. Katalogi yenyewe ilikuwa jambo dogo, na waliokuwa na akili ya kuitunza mapema hawakuwa wengi.

Majina ya kuanzia

Kwa mfanyabiashara wa Usambara, orodha ya majina ya Tanzania haihitaji safari ndefu. Barabara kuu inayopita Mombo, ukiifuata kwenda kaskazini kupitia Same hadi Himo, inakupeleka kwenye njia panda ya Marangu. Kijiji hicho cha Kilimanjaro kimetoa wachoraji watatu ambao kila mkusanyaji anapaswa kuwafahamu. Kwa nini Marangu na si Mlalo au Soni ni suala la kujadiliwa siku nyingine.

Wa kwanza ni Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923. Alisoma Makerere, akaenda Slade School ya London miaka ya 1950, chuo kile kile ambacho Armitage alisoma nusu karne baadaye. Alifundisha Makerere, na baada ya uhuru aliiwakilisha Tanganyika mjini London kama Balozi. Alifariki mwaka 1993. Picha zake zinaonyesha watu wakilima, wakivuna, wakipika pombe na kwenda harusini. Makumbusho ya MoMA ya New York inayo picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku.

Wa pili ni Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932, ambaye alichora picha za ukutani katika kanisa la Kianglikana la Murang'a nchini Kenya, kazi iliyokamilika mwaka 1959. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa jijini Nairobi. Mwaka 1997 moto uliunguza Paa ya Paa pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyiko wake. Hapa mfanyabiashara asimame kidogo. Karatasi zilizohusu sanaa ya Afrika Mashariki hazikuwa nyingi tangu mwanzo, na baadhi yake ziliungua. Kilichobaki nje, kwenye makabati ya watu binafsi, kimekuwa adimu zaidi bila mwenyewe kujua.

Wa tatu ni Everlyn Nicodemus, aliyezaliwa mwaka 1954. Maonyesho yake ya kwanza yalifanyika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam mwaka 1980. Baadaye aliishi Ulaya, na kwa muda mrefu jina lake halikutajwa sana sokoni. Kisha mwaka 2022 makumbusho ya National Portrait Gallery ya London ikanunua picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982, ikiwa ni picha ya kwanza ya rangi ya mwanamke Mweusi aliyejichora kuingia katika mkusanyiko wao. Mwaka 2024 makumbusho ya taifa ya Scotland mjini Edinburgh ikamfanyia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yote. Katalogi ya Edinburgh inaweza kuagizwa na yeyote. Lakini kama kuna aliyehifadhi karatasi yoyote ya maonyesho ya Dar es Salaam ya mwaka 1980, awe mstaafu wa wizarani au mwalimu wa zamani, huyo ana kitu ambacho pesa ya Edinburgh haiwezi kukichapisha upya.

Nje ya Marangu yupo George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934, aliyeanza na kuchonga na kufanya kazi Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam tangu miaka ya mwanzo ya kituo hicho kilichoanzishwa mwaka 1972. Yupo pia Katarikawe, aliyezaliwa Kigezi nchini Uganda, ambaye alikuwa dereva kabla Ntiro hajauona uwezo wake na kumsaidia pale Makerere. Katarikawe alihamia Nairobi na kufariki huko mwaka 2018. Mwaka 2001 makumbusho ya Frankfurt ilimfanyia maonyesho na kutoa katalogi.

Frankfurt ni mji wa kukumbukwa katika biashara hii. Mwaka 1990 makumbusho hiyo ilichapisha katalogi iitwayo Wegzeichen, kazi ya Johanna Agthe, inayohusu sanaa ya Afrika Mashariki kati ya 1974 na 1989. Vitabu vya Kijerumani si kitu cha ajabu katika milima hii iliyokuwa na mji ulioitwa Wilhelmstal, ambao leo ni Lushoto, na ambako wageni wa Kijerumani bado hupanda hadi Irente kutazama bonde na kununua jibini na jamu ya shambani. Mtu akiikuta Wegzeichen kwenye rafu, asiipite kwa sababu tu hasomi Kijerumani. Afungue kurasa za mwanzo atazame kama kuna sahihi. Wasanii walioshirikishwa ni wengi, na nakala moja inaweza kuwa na sahihi ya zaidi ya mmoja wao.

Nyembamba ndiyo adimu

Kosa la wanaoanza ni kukimbilia kitabu kinene chenye jalada gumu na picha za rangi. Kitabu hicho kimechapishwa kwa maelfu, kinauzwa kwenye maduka ya makumbusho, na kina uzito ambao gharama yake ya posta inaweza kumeza faida yote. Kijitabu chembamba cha kurasa nane kilichofungwa kwa pini mbili, kilichotolewa na kituo cha utamaduni jijini Dar es Salaam au Nairobi miaka ya 1970 na 1980, kilichapishwa kwa nakala chache na nyingi zikatupwa. Kinaingia kwenye bahasha ya kawaida, na hicho ndicho cha kutafuta.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Mnunuzi mkubwa wa katalogi si lazima awe mpenzi wa katalogi. Anaweza kuwa mwenye picha. Mtu aliyenunua picha ya Ntiro kwa pesa nyingi anataka kuthibitisha kwamba picha hiyo ilikuwapo mwaka fulani, ikiwa na jina fulani na vipimo fulani. Orodha iliyochapishwa kwenye katalogi ndiyo shahidi wake. Tangu Circle Art Agency ya Nairobi ianze kufanya minada ya sanaa ya Afrika Mashariki mwaka 2013, maswali ya picha imetoka wapi na ilionyeshwa lini yamekuwa na uzito wa kifedha. Kwa hiyo kijitabu kisicho na picha hata moja, lakini chenye orodha kamili ya kazi, vipimo na bei za siku ile, kinaweza kumfaa mnunuzi kuliko kitabu cha kupendeza. Karatasi ya bei, kadi ya mwaliko na kipande cha gazeti vilivyokuwa ndani yake visitenganishwe nacho kamwe.

Sahihi: hapa ndipo watu huliwa

Sahihi ndiyo inayoongeza bei, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoghushiwa. Kuiga sahihi kwenye karatasi ni rahisi kuliko kuiga picha nzima. Hakuna rangi ya kuchanganya wala turubai ya kuzeesha. Kalamu ya shilingi mia chache inatosha.

Kipimo cha kwanza hakihitaji utaalamu wowote, kinahitaji kalenda. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 na aliuawa kwa risasi ya polisi jijini Dar es Salaam mwaka 1972 baada ya kudhaniwa kuwa mhalifu. Muda wake wote wa uchoraji ulikuwa miaka minne hivi, na aliuza mbao zake mitaani Oyster Bay bila ya mambo ya katalogi. Jina lake lilikua baada ya kifo, kupitia wanafunzi na ndugu zake waliounda ushirika. Vitabu na katalogi zinazobeba jina la Tingatinga karibu zote ni za baada ya mwaka 1972. Anayeletewa katalogi yenye sahihi ya Tingatinga mwenyewe asiulize bei, aulize mwaka wa kuchapishwa. Sahihi za bandia za E. S. Tingatinga zipo nyingi kwenye mbao, na hakuna sababu ya kudhani kwamba karatasi imesalimika.

Kipimo hicho hicho kinafanya kazi kwa Lilanga, aliyefariki Juni 2005. Katalogi yoyote iliyochapishwa baada ya mwezi huo haiwezi kuwa na sahihi yake. Kwa Ntiro mpaka ni mwaka 1993, na kwa Katarikawe ni 2018. Muuzaji anayetaka kuuza haraka mara nyingi huwa hajasoma ukurasa wa pili wenye mwaka wa uchapishaji. Mnunuzi ausome kwanza.

Kipimo cha pili ni kujua mtu alikuwa nani. Katarikawe hakupata elimu ya darasani. Ukionyeshwa katalogi yenye salamu ndefu za Kiingereza fasaha, mistari mitano, chini yake jina lake kamili kwa mwandiko wa karani, shaka ni haki yako. Sane Wadu wa Kenya alizaliwa akiitwa Walter Njuguna Mbugua, akawa mwalimu, kisha akajiita Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mwenye akili timamu, baada ya watu kumwona amerukwa na akili kwa kuacha kazi achore. Anayekuta jina la zamani asiitupe karatasi kwa kudhani ni ya mtu mwingine.

Kipimo cha tatu ni macho. Sahihi ya kweli huenda kwa kasi. Wino huwa mzito pale kalamu inapogeuka na mwepesi pale inapoteleza. Sahihi iliyoigwa polepole huwa na unene mmoja kila mahali na vijisimamo vidogo kama vya mtoto anayefuatisha mistari. Lenzi ya kukuza inatosha kuviona. Geuza ukurasa utazame nyuma, kwani kalamu ya mkono huacha alama ya kukandamiza, wakati sahihi iliyochapishwa na mashine haiachi. Wengi wameuziwa sahihi ya kuchapishwa, ambayo imo kwenye nakala zote, kwa bei ya sahihi ya mkono.

Kipimo cha nne ni maelezo ya muuzaji. Nani alikuwapo siku ya kutiwa sahihi? Ilikuwa maonyesho gani? Picha ya siku hiyo ipo? Muuzaji mkweli huwa na hadithi fupi yenye mahali na mwaka. Mwenye hadithi ndefu inayobadilika kila akiongezewa swali, mwache aende zake. Nakala yenye muhuri wa maktaba au wa makumbusho nayo iachwe, isipokuwa kama ina alama ya kuondolewa rasmi, kwani kuinunua ni kujiingiza kwenye mali ya wizi, na hakuna mnunuzi wa maana atakayeigusa siku ya kuuza.

Sahihi iliyoandikiwa mtu kwa jina husumbua wengi. Ikiwa ni kwa mtu asiyejulikana, hupunguza bei kidogo, ingawa husaidia kuthibitisha ukweli, maana mwigaji kwa kawaida hupenda kuandika jina la mchoraji peke yake. Ikiwa ni kwa mchoraji mwenzake au mtu aliyehusika na historia ya sanaa, bei hupanda. Katalogi ambayo Ntiro angemwandikia Katarikawe, kwa mfano, ingekuwa mali ya aina nyingine kabisa.

Lori linaporudi tupu

Mfanyabiashara wa Irente ana nafasi moja ambayo mkusanyaji wa London hana. Anashuka kilometa 33 hivi kutoka Lushoto hadi Mombo, anapita Korogwe, Segera na Chalinze, anamaliza shughuli na dalali wake Kariakoo, kisha anasubiri lori linalorudi tupu au nusu tupu. Saa hizo mbili tatu zinatosha kufika maeneo ya Posta na Barabara ya Samora, ambako vitabu vya mitumba hutandazwa chini. Kwenye malundo hayo katalogi hukaa kati ya kitabu cha uhasibu cha zamani na majarida ya mitindo, kwa sababu muuzaji haoni kama ni kitabu. Bei hapo hupangwa kwa unene, jambo linalomfaa anayetafuta nyembamba.

Njia ya uhakika zaidi ni kumfuata mchoraji aliye hai. Sungi Mlengeya, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1991, aliacha kazi ya benki mwaka 2018 akawa mchoraji, na picha zake za wanawake Weusi juu ya nyeupe tupu zimepata wanunuzi nje ya nchi. Kwa mchoraji wa kizazi chake, anayehudhuria ufunguzi wa maonyesho anaweza kuomba sahihi mbele ya macho yake, akaomba pia tarehe na mahali viandikwe, na akapiga picha kwa simu. Nakala hiyo haina mjadala. Kama jina litakua au halitakua ndiyo sehemu ya bahati, na bahati hiyo huuzwa rahisi mapema.

Sasa hesabu, kwa mfano tu. Tuseme mtu amenunua katalogi kumi zenye sahihi kwa Sh 15,000 kila moja, jumla Sh 150,000, akatumia Sh 30,000 kwa sanduku, bahasha na nauli ndogo ndogo. Baada ya miaka mitano ameuza tatu kwa Sh 70,000 kila moja, amepata Sh 210,000. Faida mkononi ni Sh 30,000, sawa na Sh 6,000 kwa mwaka, na katalogi saba bado ziko sandukuni. Anayetazama mkononi atasema hiyo si biashara, na kwa miaka hiyo mitano atakuwa sahihi. Anayetazama sandukuni atasema saba hizo zimebaki bila gharama. Wote wawili wana hoja, lakini ni mmoja tu anayeweza kulipa karo ya shule Januari.

Ndiyo maana fedha ya kuingiza hapa isiwe ile ya mbegu wala ya mbolea. Hisa za kampuni, tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998 na TOL ikiwa kampuni ya kwanza, zinaweza kuleta gawio. Vipande vya Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, vinauzika kwa utaratibu unaojulikana. Katalogi hailipi gawio, haina bei ya kila siku kwenye gazeti, na muuza vitabu anayekununulia atatoa sehemu tu ya bei atakayouzia yeye. Mwenye viwanja, hisa na akiba kidogo anaweza kuongeza sanduku moja la katalogi. Asiye navyo aanze na hivyo.

Adui wa Irente ni unyevu

Hali ya hewa ya Irente, ambayo huwafurahisha wageni, ni mbaya kwa karatasi. Mawingu huingia ndani ya nyumba asubuhi, masika ya Machi hadi Mei hulowesha kuta, na baridi ya Juni hadi Agosti hairuhusu kitu kukauka. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu huota kwenye karatasi. Madoa ya kahawia hutokea kwanza pembezoni, kisha pini za kufungia hupata kutu na kula karatasi kuanzia katikati. Katalogi yenye kutu na kuvu hupoteza sehemu kubwa ya bei yake hata kama sahihi ni safi.

Wengi huizungushia nailoni na kuifunga kwa gundi wakidhani wameilinda, kumbe wamefungia unyevu ndani. Wengine huanika juani, na wino wa kalamu hupauka haraka kuliko uchapishaji, yaani kinachoondoka ni kile kile kilichonunuliwa. Selotepu isiguse karatasi kabisa. Jikoni kwenye moto wa kuni kuna joto la kukausha, lakini pia kuna moshi na mafuta, na mende hufuata.

Kinachofaa ni bahasha ya karatasi safi kwa kila katalogi, kisha sanduku la bati au la plastiki gumu lenye kifuniko, ndani yake vifuko vidogo vya kunyonya unyevu kama vinavyokuja kwenye viatu vipya. Vifuko hivyo hubadilishwa vikichoka. Sanduku likae kwenye ubao, mbali na sakafu na mbali na ukuta unaopigwa na mvua, na lifunguliwe siku za jua kavu ili hewa ipite kivulini. Maelezo ya lini na wapi katalogi ilinunuliwa yaandikwe kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, si juu ya jalada. Anayeweza kumwachia ndugu anayeishi Mombo au Korogwe, kwenye hewa kavu zaidi, afikirie hilo, mradi ndugu huyo anajua asiwape watoto wachoree.

Anayeanza mwaka huu atenge siku moja ya Februari, kabla masika hayajaanza, kwa ajili ya kukagua pini moja baada ya nyingine. Yenye kutu itolewe taratibu kwa ncha ya kisu, na kurasa zifungwe kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale.